Denis Burkitt na uvimbe wa taya: ugonjwa uliofahamika kwa mikono ya wengi



Kuna saratani ya watoto ambayo mara nyingi huanza kama jino linalosumbua. Shavu linavimba, meno yanalegea, na nyumbani tunasema ni jino bovu, likishang'olewa atapona. Kumbe ndani ya taya kuna uvimbe unaokua haraka sana, kiasi kwamba unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Ugonjwa huu unaitwa limfoma ya Burkitt (hutamkwa "Bakiti"). Mtoto akiwahi kupata dawa na kuzimaliza zote, ana nafasi nzuri ya kupona.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Mama wengi ninaokutana nao kliniki huniuliza maswali mawili. La kwanza, saratani inampataje mtoto mdogo asiye na kosa lolote? La pili, hawa watafiti wanaokuja na wageni kuchukua damu za watoto wetu, sisi tunafaidika nini? Nimeona nikusimulie maisha ya daktari ambaye ugonjwa huu umepewa jina lake, kwa sababu ndani yake kuna majibu ya maswali yote mawili.

Kijana mwenye jicho moja

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ayalandi. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kuchunguza ndege. Aliwavisha alama miguuni na kuandika kwenye ramani kila mmoja anaishi wapi. Mtoto alikua akiona kwamba kujua kitu kinapatikana wapi ni hatua ya kwanza ya kukielewa.

Akiwa na miaka 11 alipata ajali iliyompotezea jicho la kulia. Aliingia chuo kikuu cha Dublin kusomea uhandisi, akabadili nia na kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1935, kisha akawa daktari wa upasuaji. Alikuwa mtu wa dini na alitamani kufanya kazi Afrika. Maombi yake ya kwanza yalikataliwa, sababu ikiwa ni jicho lile. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi kama daktari, na huko ndiko alikopata kuifahamu Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi.

Vita vilipokwisha alipelekwa Uganda. Alianzia Lira, kaskazini mwa nchi, mwaka 1946. Huko aliona kwamba ugonjwa wa mshipa wa maji, yaani busha, ulijaa upande mmoja wa wilaya na kuwa nadra upande mwingine, akaanza kuandika nani ametoka wapi. Mwaka 1948 alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako alifanya upasuaji na kufundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere.

Watoto wawili

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mvulana wa miaka kama mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona maambukizi wala saratani inayokamata taya namna hiyo.

Muda mfupi baadaye alikuwa Jinja akitembelea hospitali ya wilaya. Alipotazama nje dirishani alimwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba. Akatoka kumpima: taya zote mbili, pande zote, kama yule wa Kampala. Mtoto huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Aliporudi Mulago alianza kuchambua mafaili ya watoto waliowahi kulazwa na saratani. Alikuta kwamba watoto waliovimba taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mahali pengine, kwenye figo, ini au mayai ya uzazi. Zamani kila uvimbe ulihesabiwa kuwa ugonjwa wake. Mwaka 1958 Burkitt aliandika makala ya kwanza. Wataalamu wa maabara wa Kampala, Jack Davies na Greg O'Conor, walithibitisha kwamba yote ni saratani moja inayotokana na chembe nyeupe za kinga ya mwili, na kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto walizokuwa wakiziona zilikuwa hiyo hiyo.

Haukuwa ugonjwa mpya. Kumbukumbu za hospitali ya Mengo, zilizoanzishwa na Daktari Albert Cook mwishoni mwa karne ya 19, zilionyesha watoto wenye uvimbe kama huo. Wazazi wa Uganda walikuwa wakiujua kwa macho miaka mingi kabla ya kuingia kwenye vitabu.

Picha, barua na safari ya wiki 10

Burkitt alijiuliza swali la baba yake: unapatikana wapi? Kwa ruzuku ndogo isiyofika hata pauni 30 alichapisha picha za watoto wagonjwa na maswali machache, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika. Majibu yalipokuja aliyachomeka kwenye ramani. Palijitokeza ukanda mpana unaokatiza katikati ya bara, wenye mkia unaoshuka upande wa mashariki.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari lililokwisha tumika, pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa wiki 10 walipita Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, kama kilomita 16,000, wakisimama kwenye hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha zile na kuuliza kama wamewahi kumwona mtoto wa namna hii.

Waliokuwa na majibu ni watu wa kawaida wa hospitali ndogo, madaktari na wauguzi waliokumbuka wagonjwa wao. Kutokana na kumbukumbu hizo ilionekana wazi kwamba ugonjwa huu haupendi baridi wala ukame. Uko kwenye joto na mvua, na unapungua kadiri unavyopanda milimani. Ramani yake ilifanana sana na ile ya magonjwa yanayoletwa na mbu.

Sampuli zinapanda ndege

Miezi michache kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Kati ya waliomsikiliza alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Alipomsikia akisema ugonjwa unafuata hali ya hewa, alihisi huenda kuna kirusi ndani yake. Wakakubaliana: Kampala itatuma vipande vya uvimbe, London itavichunguza kwa hadubini ya elektroni, ambayo Uganda haikuwa nayo.

Kwa zaidi ya miaka miwili hawakuona kitu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa dola 45,000, na Epstein akaweza kuajiri wasaidizi wawili: Yvonne Barr kutoka Ayalandi na Bert Achong, aliyezaliwa Trinidad. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka, kama yaliyoingia bakteria. Kabla ya kuimwaga, Epstein aliangalia tone moja. Zilikuwa chembe hai za uvimbe zikielea. Kutokana nazo waliweza kukuza chembe maabara, na Februari 1964 wakamwona kirusi. Leo anaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Ndiye wa kwanza kufahamika kuhusika na saratani ya binadamu.

Hapo naomba nikutulize. Kirusi hiki huenea kwa mate, na karibu kila mtu duniani anacho, mimi na wewe pia. Kwa kawaida hakifanyi kitu. Saratani yenyewe haiambukizi: mtoto mwenye limfoma ya Burkitt anaweza kula, kulala na kucheza na ndugu zake.

Kwa nini basi mtoto mmoja anaugua?

Kirusi peke yake hakitoshi. Malaria kali inayorudi tena na tena utotoni huchochea chembe nyeupe zizaliane kwa wingi na kupunguza nguvu ya mwili kukidhibiti kirusi. Katika wingi huo, chembe moja inaweza kuharibika kwenye vinasaba vyake na kuanza kukua bila kukoma. Ndiyo maana ramani ya Burkitt ilifanana na ya mbu: mbu hakubeba saratani, alibeba malaria.

Haya hayakujulikana kwa siku moja. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, Ufaransa, lilishirikiana na Waganda kufuatilia watoto wapatao 42,000 katika eneo la West Nile. Walipimwa damu wakiwa wazima. Wachache walipougua baadaye, ilionekana kwamba kirusi kilikuwa kimewaingia muda mrefu kabla ya uvimbe, na kwamba kilikuwa kimesisimua kinga yao kupita kawaida. Fikiria: mama kwa maelfu walikubali mtoto mzima achomwe sindano, kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa.

Tanzania nayo ilichangia. Kati ya 1977 na 1982, katika Mara Kaskazini, watoto walipewa klorokwini kuzuia malaria ili kuona kama saratani hii itapungua. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya dawa, kwa hiyo jibu halikuwa kamili. Utafiti mwingine mkubwa ulifanyika kati ya 2010 na 2016 ndani ya Uganda, Tanzania na Kenya kwa pamoja, ukishirikisha taasisi ile ya Marekani. Mpaka leo uhusiano wa malaria na ugonjwa huu unaendelea kuchunguzwa hapa kwetu, kwa sababu ndipo ulipo.

Dawa, na mahali pa kutibia

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini upasuaji ulimshinda. Ungekata uvimbe wa taya, ungerudi. Mashine za mionzi Kampala hazikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa New York, akiwemo Joseph Burchenal, walimwezesha kujaribu dawa mpya za saratani kama methotrexate. Daktari mwingine, Peter Clifford, alifanya kazi kama hiyo Nairobi. Kilichotokea kiliwashangaza wote: uvimbe mkubwa ulinywea ndani ya siku, na baadhi ya watoto walibaki wazima miaka mingi. Ilikuwa moja ya saratani za kwanza duniani kuonekana kwamba zinaweza kupona kwa dawa peke yake, na hilo lilionekana kwa watoto wa Afrika Mashariki. Madaktari wa Ulaya na Marekani walijifunza kutoka kwao.

Mwaka 1967 Makerere na taasisi ya Marekani walifungua kituo cha kutibu limfoma pale Mulago, ambacho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa John Ziegler, Mmarekani. Burkitt alikuwa amekwisha rudi Uingereza mwaka 1966.

Wageni walipoondoka

Sehemu hii ndiyo ninayotaka uikumbuke. Miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, wageni wengi waliondoka Uganda, Ziegler akiwemo. Fedha zilikauka na dawa zikawa shida. Kama kituo kile kingekuwa mali ya wageni, kingefungwa siku ileile. Hakikufungwa. Daktari Mganda, Charles Olweny, alikishika pamoja na wauguzi na watumishi wenzake Waganda, na watoto wakaendelea kutibiwa katika nyakati ambazo hata kufika kazini palihitaji ujasiri.

Lakini watu peke yao bila vitendea kazi huchoka. Kwa miaka mingi taasisi ilidhoofika, na ilifika wakati nchi nzima ilikuwa na daktari bingwa mmoja tu wa saratani. Mwaka 2004 ulianza ushirikiano mwingine, na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani. Safari hii lengo kubwa lilikuwa kusomesha madaktari wa Uganda na kujenga maabara na kliniki hapo hapo. Jengo lao la pamoja lilifunguliwa Kampala mwaka 2015. Tofauti na siku za Burkitt, sasa kazi nyingi za maabara zinafanyika kwenye nchi ya mgonjwa mwenyewe, na majibu yake yanaweza kumsaidia akiwa bado kitandani.

Huo ndio ushirikiano wenye faida. Sampuli ikienda na isirudi na chochote, hapo pana mchukuaji na mchukuliwa. Ikirudi na dawa, ujuzi na wataalamu wanaobaki, hapo pana washirika.

Miaka yake ya mwisho

Uingereza, Burkitt aliendelea kuandikiana na hospitali ndogo za Afrika. Aliona kwamba magonjwa kama kidoletumbo na kufunga choo, yaliyojaa Ulaya, vijijini Uganda yalikuwa nadra. Alidhani sababu ni chakula, akawa mtetezi mashuhuri wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Baadhi ya mawazo yake yalithibitishwa, mengine yalirekebishwa na waliomfuata. Dona, maharage, mihogo, mboga za majani na matunda yetu ndivyo alivyowasifia Wazungu wenzake. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

Jina lake limebaki kwenye ugonjwa. Majina ya watoto wale wawili wa Kampala na Jinja hayamo, wala ya wazazi waliowapeleka hospitali. Bila wao asingekuwa na cha kuandika.

Mtafiti akibisha hodi kwako

Siku za Burkitt taratibu za kumlinda mgonjwa kwenye utafiti hazikuwa kama za leo. Sasa una haki, zitumie. Utafiti wowote unaohusu watoto lazima uwe na kibali cha maadili. Tanzania kibali cha kitaifa hupitia NIMR. Uganda kuna Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, uliza:

- Mnatafuta nini, na kibali chenu kiko wapi?
- Mtoto wangu atafanyiwa nini, na kuna madhara gani?
- Damu yake itapelekwa wapi, na itatunzwa muda gani?
- Mkigundua ana tatizo, nitaambiwa? Atatibiwa wapi, na nani atalipa?
- Nikikataa au nikijitoa katikati, je, atanyimwa huduma? (Jibu sahihi ni hapana.)

Mtafiti mwema hachukizwi na maswali. Akikuharakisha, una haki ya kusema unakwenda kushauriana nyumbani kwanza.

Dalili za kuangalia

Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9, wavulana zaidi ya wasichana. Mpeleke mtoto kituo cha afya leo, si wiki ijayo, ukiona:

- taya, shavu au uso unavimba na kuongezeka ndani ya siku au wiki chache;
- meno yanalegea au kuhama bila mtoto kuanguka, na si wakati wa kung'oka kwa kawaida;
- jicho moja linasukumwa nje;
- tumbo linavimba au unagusa kitu kigumu ndani;
- miguu inalegea ghafla, au anashindwa kukojoa.

Uvimbe mwingi wa shavu ni jino tu, na ni furaha tukikuta hivyo. Ila usikubali achanjwe, apakwe dawa ya moto au ang'olewe jino moja baada ya jingine huku uvimbe unakua. Kama ametibiwa jino au kupewa dawa za vidonda na uvimbe haupungui, rudi na uombe rufaa ya hospitali kubwa ili achukuliwe kipande cha uvimbe kipimwe.

Akianza dawa za saratani, uvimbe unaweza kunywea haraka ukadhani amepona. Usiondoke naye. Mzunguko usiomalizwa humrudishia ugonjwa. Nauli na chakula vikikushinda, mwambie muuguzi wa wodi au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla hujaamua kurudi nyumbani.

Na usiku wa leo, mlaze mtoto ndani ya chandarua chenye dawa. Hakimkingi na saratani moja kwa moja, lakini kinamkinga na malaria, na malaria inayojirudia ndiyo inayomfungulia mlango ugonjwa huu. Akipata homa, apimwe na atibiwe siku hiyo hiyo.